Kunakili kitambaa cha mifano cha kale ukiwa Mtwara

Jirani zangu hapa Mikindani wanashona kofia. Ukipita barazani jioni utawakuta, kitambaa cheupe magotini, wanazungushia uzi vitobo kimoja baada ya kingine, na kofia moja hula majuma kadhaa kabla haijafika kichwani kwa mwenyewe. Mimi kofia ilinishinda. Kilichonikubali ni mshono wa msalaba, ule tuliofundishwa shuleni kwenye kipande cha gunia la katani: uzi mmoja unalala mshazari, wa pili unaukata juu, tayari una alama ya kuzidisha. Anayeweza kuhesabu hadi kumi bila kukatizwa anaweza kuushona. Tatizo ni hilo la kutokatizwa.

Hapa naeleza kazi moja tu inayotumia mshono huo: kunakili vitambaa vya mifano vya kale, vile ambavyo wasichana wa Ulaya na Marekani walishonea herufi, maua, nyumba na majina yao. Nawaandikia wanaoishi huku kusini, ambako kitambaa kinachofaa kinaagizwa Dar es Salaam na kuletwa kama parseli ya basi, na ambako jasho la mkono ni sehemu ya kazi.

Unachonakili ni nini

Zamani mshonaji akiliona ua zuri kwenye shuka la mtu hakuwa na kitabu cha kulichukulia. Alilishona pembeni ya kipande cha kitani alichokihifadhi, ili siku akilihitaji alifunue na kulihesabu. Jina ambalo Waingereza wanakiita kitambaa hicho, sampler, limetoka kwenye neno la Kilatini exemplum, yaani mfano, ndiyo maana mimi nakiita kitambaa cha mifano. Cha Kiingereza kilicho cha kale kuliko vyote vyenye mwaka ni cha Jane Bostocke, cha 1598, kipo kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Kina mbwa, kina dubu aliyefungwa mnyororo, kina herufi, na kina kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mtoto aitwaye Alice Lee mwaka 1596. Kumbe hata wakati huo kitambaa cha mazoezi kilikuwa pia zawadi ya uzazi.

Baadaye kikawa kazi ya shule. Msichana alijifunza herufi na tarakimu kwa sindano kwa sababu mashuka ya nyumba kubwa yalitiwa alama na namba kwa uzi, na mtumishi asiyejua kuzitia alama hizo alikuwa na nafasi ndogo ya kupata kazi. Kile ninachokipenda kuliko vyote hakina hata ua moja. Kilishonwa na Elizabeth Parker, mtumishi wa ndani, karibu mwaka 1830: uzi mwekundu mtupu juu ya kitani, mstari chini ya mstari, anasimulia maisha yake na mateso aliyoyapata kwa mabwana zake. Anaanza kwa kusema kwamba hajui kuandika. Anayasema hayo kwa maelfu ya misalaba midogo, kila herufi mahali pake, na sentensi ya mwisho imekatika katikati.

Na sisi hatuko mbali na habari hii kama mtu anavyoweza kudhani. Kitambaa kile cha pamba kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikiita marekani kilipata jina hilo kwa kuwa kililetwa na Wamarekani, na wafanyabiashara walioongoza biashara hiyo Zanzibar kuanzia miaka ya 1830 walitoka mji wa Salem, Massachusetts. Katika mji huohuo wa Salem, mwishoni mwa karne ya 18, palikuwa na shule ya Sarah Stivours, na vitambaa vya mifano walivyoshona wanafunzi wake vinatafutwa na wakusanyaji hadi leo. Nikikaa Mikindani, bandari ambayo marekani ilipita kwenda bara, nikihesabu mishono ya binti wa Salem, sioni kwamba naazima cha mgeni kabisa.

Hatua ya kwanza: kuchagua chati

Chati ni karatasi ya miraba. Kila mraba wenye alama ni msalaba mmoja, na kila alama ni rangi yake. Usianze na vile virefu vyembamba vya karne ya 17, ambavyo mistari yake ya mapambo inachanganya mishono ya kila namna, mingine ikitaka kukata nyuzi za kitambaa chenyewe. Usianze pia na kile chenye nyumba, Adamu na Hawa na rangi thelathini. Anza na chekundu.

Katika karne ya 19, wasichana wa nyumba za yatima za George Müller, Ashley Down, mjini Bristol, walishona herufi za kila aina kwa uzi mwekundu, zikabanana kama abiria wa daladala ya mwisho. Chati za mtindo huo zinapatikana kwa wingi. Rangi ni moja, hivyo hutangatanga na vipande vya uzi. Unachojifunza ni kuhesabu, na kuhesabu ndiko kazi yote. Ukitaka kitu chenye maumbo makubwa, tazama vitambaa vya shule ya Waquaker (dhehebu la Kikristo) ya Ackworth, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1779. Vimejaa maduara yaliyokatwa nusu pembezoni, na kila duara linasimama lenyewe: ukikosea moja, la pili halijui.

Chati inayouzwa ni mali ya aliyeichora, hata kama kitambaa chenyewe kina miaka mia mbili. Kuhesabu mishono ya kitu kilichochakaa ni kazi ya miezi. Hizi nakala zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, zimepigwa picha kwa simu mpaka alama hazisomeki, ziache. Kama huna pesa ipo njia halali. Metropolitan Museum of Art ya New York ilifungulia watu picha za kazi zake za zamani mwaka 2017, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Washington, ikafanya hivyo mwaka 2020. Hizo unaruhusiwa kuzitumia utakavyo. Pakua picha kubwa, ikuze hadi uone msalaba mmoja mmoja, chukua daftari la hisabati lenye miraba na penseli laini, uanze kuhamisha. Anza na herufi moja. Usiku wa kwanza nilihamisha A, B na nusu ya C, nikalala na macho mekundu kuliko uzi.

Hatua ya pili: amua unachobakisha na unachobadili

Hatua hii wengi wanairuka, halafu inawarudia katikati ya kazi. Chukua chati, tafuta J. Kisha tafuta U. Kwenye vitambaa vingi vya kale havipo, kwa sababu wakati huo I ilifanya kazi ya J, na V ilifanya kazi ya U. Mwingereza wa leo anatikisa kichwa na kuendelea. Wewe ukitaka kuandika Juma, Mwajuma, Tunu, Jumapili au hata neno Uzi lenyewe, umekwama.

Ukinakili kwa ajili ya kumbukumbu, acha herufi za asili kama zilivyo, pengo na yote, kisha tengeneza J na U zako kwa ajili ya mstari wa jina tu. J hutengenezwa kutoka kwenye I ya chati hiyohiyo: bakisha nguzo, ondoa nyayo za chini, peleka miraba miwili kushoto na kupandisha mmoja juu. U ndogo ni n iliyogeuzwa kichwa chini. U kubwa ni nguzo mbili za H bila daraja, zikiunganishwa chini kwa mstari ulioingia mraba mmoja kila upande. W ipo kwenye chati nyingi; isipokuwepo, bandika V mbili zishirikiane ncha ya katikati. Na usisahau kile kialama cha ng'. Hakuna chati ya kigeni itakayokupa. Msalaba mmoja juu, usawa wa kichwa cha herufi, wa pili chini yake kama herufi zako ni kubwa. Bila hicho, ng'ombe wako atasomeka vingine. Q na X Kiswahili hakizihitaji, ila ukiziondoa kwenye nakala, mistari yote iliyo chini yake itasogea. Ziache.

Lingine ni makosa ya aliyeshona mwanzo. Utakuta ndege mwenye mguu mmoja, S iliyogeuka, ua la kulia lililo fupi kuliko la kushoto kwa mshono mmoja. Wachoraji waaminifu huyabakisha. Mimi pia nayabakisha, maana ndiyo mahali pekee ninapomwona yule mtoto mwenyewe, labda ameitwa aende kuchota maji, akirudi kasahau hesabu.

Ukitaka kuingiza vya kwetu, viingize pembezoni na kwenye nafasi tupu, usivunje katikati. Mnazi unakaa vizuri kwenye miraba. Kinu na mchi pia. Dau linataka mshazari wa tanga, nao unakuwa na ngazi ngazi, lakini likiwa na urefu wa miraba ishirini jicho linalikubali. Korosho ni ngumu kuliko inavyoonekana: ikiwa ndogo inafanana na maharage, kwa hiyo ishone ikining'inia chini ya bibo lake, bibo jekundu au la njano, korosho ya kijivu, na kila mtu wa Mtwara ataitambua kutoka mlangoni.

Kwa pindo hakuna kinachoshinda zigizagi ya nembo za Kimakonde, zile bibi wa zamani walizochanjwa usoni. Nitaeleza hesabu yake kwa kirefu, maana pindo ndilo linalowaliza watu. Msalaba wa kwanza upo mstari wa nje. Kila safu inayofuata unapanda mraba mmoja kuelekea ndani hadi mraba wa tano, kisha unashuka mmoja mmoja. Safu ya tisa uko tena nje. Kwa hiyo kila safu nane pindo linajirudia, na ili lianze nje na kuishia nje, upana wa kazi nzima uwe nane mara kadhaa, ongeza moja. Tuseme chati yako ni miraba 140 kwa 180. Haitakubali. Nane mara 17 ni 136, ongeza moja, 137. Nane mara 22 ni 176, ongeza moja, 177. Punguza chati iwe 137 kwa 177, au panua. Ukifanya hivyo pembe zinajitengeneza zenyewe: pindo la juu na la kando zinaanza kwenye mraba mmoja wa kona, zinatembea pamoja mshazari hadi mraba wa tano, halafu zinaachana. Chora kona moja kwenye daftari uone mwenyewe kabla ya kuniamini.

Hatua ya tatu: kitambaa

Kitambaa kinachotakiwa ni kile chenye matundu yanayohesabika, na chepesi kwa anayeanza ni Aida. Kwenye pakiti kuna namba: 11, 14, 16, 18. Hiyo ni idadi ya misalaba kwenye inchi moja, basi namba ikikua msalaba unapungua. Anza na 14.

Kupata ukubwa wa kazi, gawa miraba kwa namba ya kitambaa, kisha zidisha kwa 2.54. Chati yetu ya 137 kwa 177 kwenye 14 inatoa sentimita 24.9 kwa 32.1. Ongeza sentimita 8 kila upande kwa ajili ya kukunjia nyuma ya fremu: kata 41 kwa 48. Kwenye 18 kazi hiyohiyo ingekuwa 19.3 kwa 25 tu.

Kitani cha nyuzi 28 kwa inchi, ukishona juu ya nyuzi mbili mbili, kinatoa ukubwa uleule wa Aida 14, na ndicho kinachofanana zaidi na cha kale. Kingoje kazi ya pili.

Parseli ikifika, usifungue mkasi. Weka rula, hesabu matundu kwenye sentimita 5. Namba 14 itakupa 27 au 28, namba 18 itakupa 35, namba 11 itakupa 21 au 22. Niliwahi kuagiza 14, nikaletewa 11, nami kwa furaha ya parseli nikakata kwa vipimo nilivyokwisha kupiga na kuanza kushona. Kazi ilikua hadi karibu sentimita 41 kwenda chini badala ya 32. Ilipofika kwa fundi fremu, juu na chini zilibaki sentimita tatu na nusu tu, akanitazama kama mtu aliyeletewa suruali ya mtoto aipanue. Muuzaji alikosea pakiti, sawa, lakini rula ilikuwa droo ya pili na mimi sikuifungua.

Ukikosa Aida kabisa, nenda sokoni na kioo cha kukuzia. Marekani imebana mno. Tafuta pamba nzito iliyofumwa wazi, hesabu nyuzi kwenye sentimita moja zinazosimama, kisha zinazolala. Zikilingana, nunua. Zikitofautiana, tuseme 10 kwa 8, misalaba yako itarefuka kuelekea upande wenye nyuzi chache na duara litakuwa yai. Gunia la katani linafaa kufundishia watoto, na Lindi katani si kitu kigeni, ila vumbi lake linawasha.

Hatua ya nne: uzi na sindano

Kishada cha uzi wa kufumia wa pamba, kama wa DMC ya Ufaransa, kina mita 8, na uzi wake umesokotwa kwa nyuzi sita ndogo. Kwa Aida 14 unatumia mbili kati ya hizo sita. Mita 8 za nyuzi sita, ukishona kwa mbili, ni mita 24 za kushonea, na kila msalaba, pamoja na uzi wa nyuma na vipande vinavyopotea, hula kama sentimita 1.2. Hiyo ni karibu misalaba 2,000 kwa kishada. Mimi hununua nikihesabu 1,500, kwa sababu nafumua sana. Kwa chekundu cha Bristol, DMC namba 498 ina wekundu mzito wa zamani. 321 ni ya kung'aa zaidi. Nunua vishada vyote siku moja, maana rangi ya mkupuo mmoja na ya mkupuo mwingine huweza kutofautiana kidogo, na tofauti utaiona siku umeshatundika ukutani.

Uzi wa sokoni wenye kung'aa unatumika, mradi upimwe. Lowesha kipande, kibane kati ya vitambaa viwili vyeupe, pitisha pasi ya moto. Ukiacha waridi kwenye kitambaa, urudishe dukani au ushonee vitu visivyofuliwa. Nyekundu na buluu ndizo wachokozi.

Kata uzi urefu wa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukizidisha unajisokota na kutoa manyoya. Vuta nyuzi ndogo moja moja kutoka juu, kisha uzipange pamoja tena. Ukizivuta mbili kwa mpigo zinafanya fundo.

Sindano iwe butu, yenye tundu refu: namba 24 kwa Aida 14, 26 kwa 16 na 18. Na huku pwani, tafadhali, usiilaze sindano ndani ya kitambaa usiku. Hewa ya chumvi haikawii kuipiga kutu, na doa la kutu haliondoki.

Hatua ya tano: kuandaa

Pinda kingo za kitambaa au uzizungushie uzi wa cherehani, zisifumuke. Kikunje mara mbili upate katikati, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi nyepesi, mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Wavivu huishia hapo. Mimi naendelea kupiga bandi kila matundu kumi, kitambaa kizima, kwa uzi laini wa rangi moja usioachia rangi, kisha nachora mistari hiyohiyo ya kumi kumi kwenye chati. Inachukua jioni mbili na watu wananicheka. Lakini kosa likitokea linaishi ndani ya kisanduku kimoja cha miraba mia moja, haliwezi kusafiri.

Ringi ya mbao, ile ya kubania kitambaa kikazike, ivingirishe utepe wa pamba kwenye duara la ndani ili kitambaa kisiteleze, na uitoe kila ukimaliza kwa siku hiyo. Alama ya ringi iliyoachwa wiki nzima kwenye joto la Januari inakaa kama makunyanzi.

Hatua ya sita: kushona

Usifunge fundo. Chukua uzi mmoja mdogo wenye urefu mara mbili, ukunje katikati, ncha mbili zipite kwenye sindano, kitanzi kibaki nyuma. Toka mbele kwenye kona ya chini kushoto, ingia kona ya juu kulia, na huko nyuma pitisha sindano ndani ya kitanzi, vuta taratibu. Umeshaanza na nyuma ni safi.

Kwa mstari mrefu, nenda na mishazari yote ya kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha rudi ukiifunika yote. Sheria ni moja tu na haina msamaha: mshazari wa juu uelekee upande mmoja kitambaa kizima. Ukibadilisha, hata misalaba kumi tu, mwanga unapiga tofauti na sehemu ile itaonekana kama imelowa. Msalaba usivutwe mpaka tundu lifunguke. Uzi ukijisokota, uachie sindano ining'inie, utajizungusha wenyewe.

Wapi pa kuanzia? Vitabu vingi vitasema katikati, na wapo wanaosema pindo liwe la mwisho ili lifuate kilichomo. Mimi natoka kwenye mstari wa katikati juu, nashona pindo la juu hadi kona zote mbili, nashuka upande mmoja, ndipo naingia kwenye herufi. Pindo likifika kona na kukubali, najua kitambaa na hesabu ni marafiki. Lisipokubali, nimepoteza siku nne badala ya miezi minne.

Ndani ya herufi, usirushe uzi nyuma zaidi ya miraba minne. Uzi mwekundu nyuma ya kitambaa cheupe unaonekana mbele kama mshipa. Malizia kwa kupitisha sindano chini ya mishono minne au mitano ya nyuma, ukate karibu.

Kasi yangu ni kama misalaba 100 kwa saa, na chati ya miraba 137 kwa 177, hata ikijazwa theluthi tu, ina misalaba zaidi ya 8,000. Fanya hesabu hiyo mapema na umwambie mama mkwe ukweli kuhusu lini atapata zawadi yake. Shona asubuhi, mwanga wa barazani ukiwa mweupe. Usiku umeme unakatika palepale ulipofika thelathini na saba. Wakati wa joto weka beseni la maji na taulo kando, nawa kila nusu saa, na usipake mafuta ya nazi kabla ya kazi, hata kama mikono inawasha.

Ukikosea

Kosa la mshono mmoja ndani ya ua: lihukumu kwa umbali wa mkono. Lisipoonekana, mwenzako wa 1790 naye aliliacha. Kosa la hesabu kwenye pindo au kwenye msingi wa mstari wa herufi: fumua leo, kwa sababu kila kitakachofuata kitasimama juu yake. Kata misalaba kwa mkasi mdogo upande wa mbele, vuta vipande kwa koleo la nyusi upande wa nyuma, na usiutumie tena uzi uliofumuliwa. Manyoya yake hayarudi.

Kufua na kuchakaza

Ondoa bandi zote kwanza. Fua kwa maji baridi na sabuni laini kidogo, bila kusugua wala jiki. Rangi ikianza kutoka, usikitoe majini. Endelea kubadilisha maji baridi hadi yawe safi, maana ikikauka ndipo inapoganda. Kiviringishe ndani ya taulo, kisha kipige pasi kikiwa na unyevu, uso ukiangalia chini juu ya taulo nene, ili misalaba isilale.

Wapo wanaopenda kitambaa kionekane cha kale, wanakitia chai. Inafanyika kabla ya kushona: majani mengi, maji ya moto, chuja vizuri, loweka dakika kumi, suuza mpaka maji yawe meupe. Isiwe na sukari, sisimizi wa Mtwara hawahitaji mwaliko. Ila ujue asidi iliyomo kwenye chai inadhoofisha pamba miaka ikipita, kwa hiyo kwa kitu unachotaka wajukuu wakione, nunua kitambaa kilichotiwa rangi ya krimu kiwandani.

Fremu na jina

Fundi atataka kukigundisha kwa gamu. Mkatalie. Funika kadibodi ngumu kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, tandaza kazi juu yake, kunja zile sentimita 8 nyuma na uzifunge kwa uzi mrefu unaokwenda upande hadi upande, kama kamba za kitanda. Kioo kisiguse mishono. Weka vijiti vyembamba kati yake, la sivyo unyevu wa masika utaleta ukungu. Kitundike ukuta usiopigwa na jua, kiache nafasi ya kidole nyuma ili hewa ipite na uweze kuchungulia kama mchwa wamepanda.

Kabla ya yote hayo, nafasi ya jina. Aliyeshona cha asili alitia jina lake na mwaka wake, na wewe umevinakili. Chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, tia jina lako, Mtwara au Lindi, na mwaka uliomaliza. Nakala nzuri isiyo na mwaka wake inaweza kuja kuuzwa kama ya kale siku ambayo wewe hupo kukanusha. Nyuma, kwenye kile kitambaa cha pamba, andika kwa penseli namba za nyuzi ulizotumia na jina la chati. Siku panya akitafuna kona, atakayerekebisha atajua pa kuanzia.